Barabara ya Kuzama

Mume wangu, Tofail, hula amesimama. Asubuhi namwekea bakuli la wali uliolala kwenye maji, pamoja na pilipili na kitunguu. Analichukua, anatoka nalo mlangoni, anakula huku anaangalia kaskazini.

"Baba Ruma, kaa basi," namwambia. "Hayo mawingu hayatakukimbia."

"Ndicho ninachoogopa," anajibu. "Yangekuwa yanakimbia, ningekaa."

Sisi ni watu wa haor, bonde pana lililo chini ya milima. Nusu ya mwaka bonde letu ni shamba. Nusu nyingine ni maji matupu, na kijiji hubaki juu ya tuta lake kama sahani iliyopinduliwa ndani ya beseni. Mpunga tunaulima mara moja tu kwa mwaka. Tunauvuna mwezi wa Boishakh, unaoanza katikati ya Aprili, kabla maji ya milimani hayajashuka. Mpunga ukiwahi kufika uani, tunakula mwaka mzima. Maji yakiwahi, tunanunua mchele kama watu wa mjini, lakini watu wa mjini wana mishahara.

Zamani maji yalikuwa na adabu. Ilijulikana yanakuja lini. Siku hizi mvua ya milimani inanyesha mapema, tena inamwagika yote kwa mkupuo. Jana shamba lilikuwa kavu, leo ni mkondo. Ndiyo maana mume wangu hakai. Na kusema kweli, hata mimi nikikaa, miguu yangu inatikisika yenyewe.

Kutoka mashambani hadi kijijini kuna barabara moja tu. Watu waliiita Barabara ya Tofail. Yeye ndiye aliyeifuatilia ofisini, akaenda na kurudi mpaka mlinzi wa getini akawa anamkaribisha chai. Alitaka barabara ya juu.

"Maji yakija, sisi tutapita juu yake," alikuwa akisema.

Udongo ukamwagwa. Ukapanda mpaka ukapita kichwa cha mtu. Siku ya kwanza Tofail alitembea juu yake na shati jeupe kama bwana harusi. Mama mkwe wangu alimtazama kutoka chini, akatema tambuu yake.

"Mwanangu amejenga ukuta," alisema.

Tulicheka. Tulidhani anamsifu.

Mwaka uliofuata, maji yalikuja tukiwa katikati ya kuvuna. Yalifika barabarani yakakuta ukuta kweli. Yakasimama upande wa juu, yakaanza kupanda. Shamba letu liko upande huo. Tulivuna maji yakiwa magotini, kisha kiunoni. Halafu barabara ikapasuka mahali pamoja, karibu na mti wa hizol, na maji yote ya bonde yakajitupa hapo.

Shemeji yangu Jubed, mdogo wake Tofail, ana trekta ndogo ya kuvuta trela. Siku hiyo trela ilikuwa ng'ambo ya pengo, imejaa mpunga wetu. Mkondo ulikuwa mkali hata mashua haikuthubutu. Tulisimama upande wa huku tukiutazama mpunga siku baada ya siku, mpaka ukaota ndani ya matita yake. Mimi nililia. Tofail alinigeuzia mgongo.

"Mwakani tutaipandisha zaidi," alisema.

Maji yalipopungua, ofisi ya barabara ilimtuma fundi wake. Alikuwa mwanamke anayeitwa Nilima. Alikuja kwa pikipiki, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Watu walikusanyika uani kwetu. Nikagawa chai na bisi za mchele.

Tofail hakumpa nafasi ya kupuliza chai yake.

"Dada, tunataka udongo," alisema. "Udongo mwingi. Safari hii iwe juu zaidi."

"Kaka, mimi nimekuja na wazo la kuishusha."

"Kuishusha nini?"

"Barabara. Tujenge ya chini, ya zege. Maji yakiwa mengi, yapite juu yake. Yakiondoka, sisi tupite. Sisi tunaiita barabara ya kuzama."

Watu wakaangua kicheko. Kwetu sisi neno kuzama halisemwi ovyo. Ukisikia mashua ya mtu imezama, unakwenda kumpa pole.

"Dada, sisi tuliomba barabara," Jubed alisema. "Hatukuomba maiti ya barabara."

"Labda ni ya samaki," mwingine akadakia. "Maana wao ndio watakaopita."

Tofail hakucheka. "Semeni tu ofisi haina hela ya udongo," alisema. "Msituletee vitendawili."

"Zege ni ghali kuliko udongo, kaka," Nilima alijibu. "Twende pale ilipopasuka. Nikiwa nimekosea, napanda pikipiki yangu naondoka."

Tulikwenda wote. Hata mama mkwe alikuja na fimbo yake. Pale kwenye hizol pengo lilikuwa wazi bado, kama mdomo uliong'oka meno. Kando yake kulikuwa na kalvati, tundu pekee la kupitisha maji lililowekwa chini ya barabara yote. Nilima aliinama, akaingiza mkono. Akavuta. Kikatoka kipande cha uzio wa mianzi, umesukwa vizuri, wa kukamatia samaki. Nyuma yake kulikuwa na kingine, na kingine.

"Nani aliweka hii?" aliuliza.

Ghafla kila mtu alikuwa na jambo la kutazama angani. Jubed alitazama kucha zake.

"Samaki wanapenda kupita hapo," alisema mwishowe.

"Na maji je?"

"Maji nayo yalikuwa yanapita. Kidogo."

"Msimwonee Jubed," mama mkwe alisema. "Mchuzi ulikuwa mtamu. Wote tulikula."

Nilima alicheka, nasi tukapata nafuu. Kisha akapanda juu ya udongo uliobaki, akatuonyesha kwa mkono.

"Hata bila uzio, kalvati moja lisingetosha bonde zima," alisema. "Lakini tatizo kubwa ni hili tuta lenyewe. Maji yakizuiwa, yanajaa upande mmoja. Upande wa pili hakuna kitu. Sasa yote yanasukuma. Yakipata tundu, hata la panya, yanaingia na kula udongo kutoka ndani. Yakipanda mpaka juu, yanamwagikia upande wa pili na kuchimba mguu wa barabara. Ukiongeza udongo, maji nayo yanaongeza nguvu."

"Baba yangu alijenga tuta la udongo, likadumu," mzee mmoja alisema.

"Enzi zake maji yalikuja polepole, baba. Sasa yanakuja mapema na kwa wingi. Hali ya hewa imebadilika, na barabara lazima zibadilike. Hatuwezi kushindana na maji kwa kimo."

"Na hiyo ya chini itashindana nayo kwa kitu gani?" Tofail aliuliza.

"Haishindani. Inayapisha." Nilima akamgeukia. "Kaka, nasikia hapa hakuna anayetega uzio wa samaki kwenye mkondo kama wewe. Huwa unaufunga wote, toka ukingo mpaka ukingo?"

"Nani afunge wote?" Tofail alisema kwa dharau. "Lazima uache mlango. Ukifunga wote, mkondo unabeba mianzi, unabeba samaki, unakubeba na..."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Nilimuona uso unavyomwiva.

"Uzio ni uzio, barabara ni barabara," alisema. Akageuka, akarudi nyumbani peke yake kwa hatua ndefu.

Nilimkuta anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Watanicheka," alisema. "Barabara ya Tofail imezama. Watoto wataimba."

Sikuwa na huruma siku ile. "Waimbe," nilimwambia. "Mwaka huu mwanao Ruma amekula wali wa kupimiwa na kikombe. Hakuna aliyeimba. Unataka barabara ya kutazamwa au ya kupitisha mpunga?"

Mama mkwe alikuwa anakunja tambuu yake pale barazani.

"Ukuta," alisema, kama vile anajisemea mwenyewe.

Asubuhi bakuli la Tofail lilikuwa palepale nilipoliweka. Mlangoni hayupo. Nikatoka kumtafuta. Nilimkuta kwenye kalvati, nusu mwili umo ndani, tope mpaka masikioni. Alikuwa anang'oa mianzi.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Kaniletee panga."

Kiangazi kile tulijenga. Barabara ilikaa chini, imezidi shamba kidogo tu. Lakini ilikuwa ya zege nene. Pembeni mafundi walipanga matofali makubwa ya zege yaliyolala kwa mteremko, ili maji yakishuka yasichimbe. Mama mkwe alizunguka na fimbo yake akionyesha njia za maji za zamani, kabla ya tuta. "Hapa palikuwa mfereji. Na hapa." Nilima aliandika, na kila mahali palipoonyeshwa paliachwa daraja fupi au kalvati pana.

Sisi wanawake tulipewa kazi ya kingo. Tulipanda majani ya binna, ambayo mizizi yake inakwenda chini sana na kushika udongo. Upande wa upepo tulipanda miche ya hizol na koroch. Miti hii yetu husimama ndani ya maji miezi mingi bila kufa, na mawimbi hujichokea hapo. Nyumba zetu huwa tunazizungushia majani na mianzi kila mwaka ili mawimbi yasile tuta la kijiji. Sijui kwa nini hatukuwahi kufikiri kwamba barabara nayo inahitaji kuvishwa.

Mwisho zikasimikwa nguzo nyekundu na nyeupe pande zote mbili, ili njia ionekane hata ikiwa chini ya maji.

Nilima alituachia masharti mawili, akayarudia mpaka tukayachoka. La kwanza, mdomo wa kalvati hauwekwi uzio wa samaki, na kabla ya mvua unasafishwa. Aliposema hivyo alimtazama Jubed. La pili, maji yakianza kukimbia juu ya barabara, hakuna chombo kinachopita.

"Hata kama ni kidogo?" Jubed aliuliza.

"Hata yakiwa ya kifundoni. Maji yanayokimbia yana nguvu kuliko unavyodhani. Yanaburuta trela. Tena huwezi kuona kama chini zege lipo au limeliwa. Unasimama, unasubiri, au unatafuta mashua."

Sasa watu walimtania Tofail kila alikopita.

"Vipi, barabara yako mbona imekuwa fupi? Inaumwa?"

"Imekaa," alijibu. "Wewe unayesimama umefika wapi?"

Lakini nilimjua. Alikuwa anakwenda kuitazama alfajiri na jioni, anaikanyaga kwa kisigino, anarudi amekunja uso.

Boishakh ikafika. Mpunga uliiva ukawa wa dhahabu. Tukaanza kuvuna, na kabla hatujafika mbali, anga la kaskazini likawa jeusi. Binamu yetu anayekaa karibu na milima akapiga simu.

"Huku hakuonekani kitu," alisema. "Mvua inashuka kama imekatikiwa kamba. Fanyeni haraka."

Hakuna aliyelala vizuri, hakuna aliyekula vizuri. Tulikata, tukafunga, tukabeba. Trela ya Jubed ilikwenda na kurudi juu ya zege bila kukwama. Mwaka wa nyuma, mvua kidogo tu ingegeuza udongo ule kuwa uji. Safari hii magurudumu yalivuma taratibu tu. Uani mpunga ukarundikana. Kila nikisikia upepo, nilinyanyua kichwa.

Maji yakafika. Nilisimama upande wa kijiji, nikasubiri ule mngurumo wa mwaka jana. Haukuja. Maji yalipita kwenye makalvati, yakaenea pande zote mbili, yakapanda kwa kimo kimoja, huku na huku. Kisha yakaanza kuteleza juu ya zege, membamba, yanang'aa.

Ng'ambo, umbali wa kusikilizana, ilikuwa imebaki trela ya mwisho. Jubed alikuwa ameketi kwenye trekta, injini inanguruma. Tofail alisimama mbele yake, kwenye nguzo ya kwanza.

"Sogea kaka," Jubed alipaza sauti. "Ni ya kifundoni tu."

"Zima."

"Ni mpunga wetu huu."

"Najua ni wetu. Nimeupanda mimi. Zima injini."

"Unataka uote tena kama mwaka jana? Mwaka jana ulilia."

"Sikulia."

"Ulilia. Ulijificha nyuma ya hizol ukalia, nilikuona."

Maji yalikuwa yanapita kati ya miguu ya Tofail. Mikono yake haikutulia, ilikuwa inashika nguzo, inaachia, inashika tena.

"Haya, nililia," alisema. "Mpunga niliulilia nikamaliza. Wewe nitakulilia mpaka lini?"

Jubed alimtazama. Kisha akazima injini.

Waliirudisha trela kwenye mwinuko, wakafunika mpunga kwa turubai. Kutwa nzima sikuweza kushika kazi. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Kufikia alasiri maji yalikuwa yameinuka, lakini yametulia, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kuyakasirisha. Tulikwenda kwa mashua, tukapita juu kabisa ya barabara yetu, katikati ya nguzo, tukapakia matita yote. Ya chini yalikuwa yamelowa. Tuliyaanika siku ile ile upepo ulipoanza kuvuma. Hatukupoteza hata debe.

Halafu bonde likawa maji matupu, na barabara haikuonekana tena. Hapo ndipo mume wangu alipoanza ugonjwa mpya. Kila alipopita kwa mashua, kwenda sokoni au kutega samaki, alisimama kati ya nguzo, akashusha upondo wake mpaka ukagonga zege. Ko.

"Ipo," anasema.

Akirudi, tena. Ko. "Ipo."

Abiria walikuwa wanachoka. Siku moja tulikuwa na mama mkwe ndani ya mashua, na msafiri mmoja akauliza huyu ana nini.

"Mwache," mama mkwe alisema. "Amemficha mke mdogo huko chini. Anabisha hodi."

Maji yalipoondoka, barabara ilitoka taratibu, kwanza mgongo, kisha ubavu. Ilikuwa na utelezi wa kijani na makombe ya konokono juu yake. Mahali pamoja mawimbi yalikuwa yameng'oa matofali na kula majani. Tuliparekebisha asubuhi moja, wanawake na wanaume, kabla jua halijawa kali. Kwingine kote ilikuwa nzima. Nilima alikuja kuikagua, na safari hii viatu vilikuwa miguuni. Vijiji jirani vikaanza kuleta watu wao kutazama. Walikuwa wanauliza, "Ile barabara ya kuzama iko wapi?" Hakuna aliyekuwa anacheka tena kwa neno hilo.

Tukapanda mpunga mwingine. Kabla ya Boishakh, mawingu yakaanza kujikusanya kaskazini, kama kawaida yao.

Asubuhi moja nilimpa Tofail bakuli lake. Akalichukua, akatoka nalo mlangoni. Akatazama milima kwa muda. Kisha akarudi ndani, akaketi kwenye mkeka, akakunja miguu, akaanza kula. Nilibaki nimesimama na kitunguu mkononi.

"Mbona unanitazama?" aliuliza.

Nilichukua mwiko, nikamgonga begani polepole. Ko.

"Naangalia kama upo."

"Nipo," alisema, akanisogezea bakuli. "Ongeza wali."